Mama alipata 25, sasa ana 22: je, akili yake inashuka?

SWALI: Shikamoo daktari. Wazazi wangu wanaishi Hai, Kilimanjaro, na wote wawili wamo kwenye utafiti wa afya ya wazee. Miaka miwili iliyopita walipimwa kumbukumbu na akili kwa maswali yenye jumla ya alama 30. Mama (miaka 74, elimu darasa la nne) alipata 25, baba (miaka 79, darasa la nane) alipata 23. Mwezi uliopita wamepimwa tena: mama kapata 22, baba kapata 25. Siku hiyo waliambiwa wasile kitu kwa sababu ya kipimo cha damu, na zamu ya mama ilifika karibu saa tano. Nyumbani sioni tofauti kubwa, ila analalamikia jicho la kushoto lenye mtoto wa jicho. Kaka yangu amenitumia mchoro unaoonyesha akili ya binadamu ikianza kushuka tangu miaka 25, na kuanzia 70 ni mteremko mkali. Anasema mama ndiko anakoelekea, tumpeleke akapigwe picha ya ubongo. Je, mama anaanza ugonjwa wa kusahau? Na baba, akili yake imeongezeka?

JIBU: Marahaba. Nikupe kwanza jibu fupi ili ulale salama, halafu tuingie ndani. Alama tatu alizopoteza mama hazitoshi kusema akili yake imeshuka, na alama mbili alizoongeza baba hazitoshi kusema yake imepanda. Sisemi kwamba mama hajashuka. Nasema namba hizi mbili peke yake haziwezi kukujulisha, zishuke au zipande. Katika maelezo yako yote, lililonituliza ni kwamba nyumbani huoni tofauti kubwa, na lililonishughulisha ni jicho.

Tuanze na maswali yenyewe. Vipimo vya alama 30 vinavyotumika sana duniani ni viwili. Kimoja ni MMSE, kilichochapishwa Marekani mwaka 1975 na Folstein na wenzake. Cha pili ni MoCA, kilichotoka Kanada mwaka 2005. Vyote vilitungwa ili daktari apate picha ya haraka ya mgonjwa aliye mbele yake, kwa takriban dakika kumi. Watafiti waliviazima kwa sababu ni vifupi na rahisi kufundisha wahojaji, wakaanza kuvirudia kwa watu walewale mwaka hadi mwaka. Hiyo ni kazi nyingine, na vinaifanya kwa shida.

Tuseme kilichotumika ni MMSE. Mle ndani kuna alama moja ya kusoma amri iliyoandikwa na kuitekeleza, alama moja ya kuandika sentensi, na alama moja ya kunakili mchoro wa pembe tano mbili zinazopishana. Hizo ni alama tatu zinazotegemea macho kabla hazijategemea akili. Kuna mbili nyingine za kutaja vitu unavyoonyeshwa, kwa kawaida kalamu na saa. Mtu ambaye mtoto wa jicho amekomaa katika miaka miwili hii anaweza kuziacha tatu zile mezani huku akikumbuka kila kitu. Kisha kuna alama tano za kutoa saba kutoka 100, ukaendelea kutoa saba mara tano. Sehemu hii inataka umakini, na umakini wa mtu wa miaka 74 aliyekaa bila chai hadi saa tano si ule wa siku zote; kama anatumia dawa za kisukari, ndiyo zaidi. Hata swali la majira ya mwaka, lililotungwa kwa nchi zenye majira manne, kwetu lina utata wake: ukimuuliza mtu Januari pale Kilimanjaro kama ni kiangazi au vuli imechelewa kuisha, jibu sahihi linategemea mvua ya mwaka huo na uelewa wa mhojaji. Swali la “uko ghorofa ya ngapi” nalo hulazimika kubadilishwa kwa mtu anayehojiwa barazani kwake.

Elimu nayo ina nafasi yake. Kwenye MoCA, 26 na kuendelea huhesabiwa kawaida, na aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Kwa aliyesoma miaka minne, nyongeza hiyo haifui dafu. Kwa hiyo usichukue kiwango kilichowekwa Montreal, Kanada, ukamhukumu nacho mama yako.

Sasa tuje kwenye kosa la kipimo, jambo ambalo familia nyingi haziambiwi. Ukimpima mtu yuleyule Jumatatu na Alhamisi, bila chochote kubadilika kichwani mwake, hatapata alama ileile. Ukubwa wa kuyumba huko unaweza kukokotolewa, na utafiti wowote makini una namba zake. Nikupe mfano wenye namba za kawaida kwa vipimo vya aina hii. Tuseme alama za wazee wa kundi hilo zinatawanyika kwa mchepuko sanifu (umbali wa kawaida wa alama kutoka wastani) wa 3, na uthabiti wa kipimo, yaani kinavyojirudia kikirudiwa, ni 0.8. Kosa la kipimo kimoja ni 3 mara kipeuo cha pili cha (1 kutoa 0.8), ambayo ni kama 1.34. Lakini wewe unalinganisha vipimo viwili, na kila kimoja kina kosa lake, hivyo kosa la tofauti ni 1.34 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani karibu 1.9. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba tofauti si kuyumba tu, unazidisha kwa 1.96 na kupata 3.7. Kwa alama nzima nzima, mama angepaswa kushuka alama nne au zaidi ndipo tuanze kuzungumza. Ameshuka tatu. Baba amepanda mbili. Wote wamo ndani ya kuyumba kwa kawaida.

Ongeza na hili: mtu akianza na alama ya juu kuliko kawaida ya wenzake, kipimo kinachofuata huwa na mwelekeo wa kurudi kati. Kwa aliyeishia darasa la nne, 25 ni alama nzuri sana. Huenda siku ile kila kitu kilimwendea vizuri, na 22 ni sehemu ya kawaida yake. Huenda kawaida yake ni 23 au 24, na vipimo vyote viwili vimeipita, kimoja juu na kingine chini.

Unaweza kuuliza, kama kipimo kinayumba hivyo, watafiti wanakitumia kwa faida gani? Faida iko kwenye wingi. Ukiwa na wazee elfu moja, walioyumba juu na walioyumba chini wanafutana, na wastani unabaki imara. Kushuka kwa wastani wa alama 0.4 kwa kundi zima kunaweza kuwa taarifa nzito ya kisayansi, wakati kushuka kwa alama tatu kwa mtu mmoja si taarifa. Utafiti umeundwa kulisoma kundi. Familia ikichukua karatasi ya utafiti na kuisoma kama majibu ya hospitali, inaitaka iseme isichokijua. Fikiria kadi ya kliniki ya mtoto: nesi hamtangazi mtoto kuwa ana utapiamlo kwa kuwa nukta moja imekaa chini ya iliyotangulia, anatazama mstari wa nukta nyingi, na anamtazama mtoto mwenyewe. Mama yako ana nukta mbili.

Baba sasa. Kupanda kwake kuna sababu inayojulikana sana: mazoea ya kipimo. Mara ya kwanza mtu hajui ataulizwa nini, ana wasiwasi, anamwogopa mhojaji mwenye kishikwambi. Mara ya pili anajua kwamba yale maneno matatu aliyotajiwa mwanzoni yataulizwa tena baadaye, kwa hiyo anayarudia kimoyomoyo. Faida hii huwa kubwa zaidi kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, na inaweza kudumu kwa miaka, si wiki. Ndiyo maana tafiti nzuri hutumia matoleo mbadala, orodha za maneno tofauti zenye ugumu unaolingana, ingawa hata hivyo mtu anabaki na uzoefu wa kukaa mtihanini. Kuna upande mwingine wa jambo hili: mtu aliyepimwa mara kadhaa bila kunufaika kabisa na mazoea anaweza kuwa na tatizo la kumbukumbu linaloanza, na baadhi ya watafiti wanalitumia hilo kama ishara. Lakini ishara hiyo husomwa kwa vipimo kadhaa vya kumbukumbu, haisomwi kwenye jumla moja ya alama 30.

Kwa baba, basi, furahini, lakini kama anatumia dawa za presha msije mkazilegeza kwa sababu ya alama mbili.

Mchoro wa kaka yako si wa uongo, ila hauonyeshi anachofikiri unaonyesha. Kwa maelezo yako nadhani ni ule wa mkupuo mmoja: unawapima watu wa miaka 25, 45, 65 na 80 katika mwaka uleule, unaunganisha wastani wao kwa mstari, na mstari unateremka. Hakuna hata mtu mmoja katika mchoro huo aliyefuatiliwa akizeeka. Ni watu tofauti, waliozaliwa nyakati tofauti. Lichukulie hapo Hai. Mwenye miaka 80 mwaka 2025 alizaliwa 1945 na alifikia umri wa kuanza shule mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati shule zilikuwa chache na wengi waliishia darasa la nne. Mwenye miaka 50 alizaliwa 1975, akaikuta Elimu ya Msingi kwa Wote iliyopitishwa kwa Azimio la Musoma mwaka 1974 na kutekelezwa kuanzia 1977. Ukiwapima siku moja, huyu wa 50 atamshinda yule wa 80 kwenye hesabu na kunakili michoro, na sehemu ya ushindi huo ni shule na lishe ya utotoni. Mchoro unaviweka vyote kwenye hesabu ya uzee.

Aliyelionyesha hili kwa uzito ni mwanasaikolojia K. Warner Schaie. Mwaka 1956 aliwapima watu wazima 500 wa Seattle, Marekani, kisha akawarudia kila baada ya miaka saba, huku akiongeza watu wapya kila awamu. Mkupuo mmoja ulionyesha mteremko wa mapema. Kuwafuata watu walewale kulionyesha kwamba uwezo mwingi ulishikilia hadi karibu na miaka 60, ndipo wastani ukaanza kushuka kwa namna inayoonekana. Ingekuwa vizuri niishie hapo, maana ni habari njema, lakini haitakuwa haki. Kuwafuata watu walewale nako kuna upotofu wake. Kwanza ni yale mazoea niliyoyaeleza kwa baba, yanayoficha kushuka. Pili ni wanaotoka njiani: wanaofariki, wanaougua, wanaochoka kuhojiwa. Wanaobaki hadi awamu ya nne au ya tano ni wenye afya na akili imara kuliko walioanza, kwa hiyo mstari unalala kuliko ukweli. Timothy Salthouse wa Chuo Kikuu cha Virginia amesisitiza kwa miaka mingi kwamba baadhi ya uwezo, hasa kasi ya kufikiri, huanza kupungua mapema katika utu uzima. Mkupuo mmoja huzidisha mteremko na ufuatiliaji huupunguza. Ukweli uko katikati, na mvutano juu ya mahali hasa ulipo haujaisha.

Jambo lingine ambalo mchoro wa mstari mmoja hulificha: akili si kitu kimoja. Kasi, kumbukumbu ya mambo mapya na utatuzi wa mafumbo yasiyozoeleka hupungua na umri kwa watu wengi wenye afya. Msamiati na maarifa ya maisha husimama vizuri, hata kuongezeka, hadi umri mkubwa. Ukijumlisha vyote kwenye alama moja ya 30, unaweza kukosa kuona kimoja kinaporomoka huku kingine kimesimama.

Kwa wanaopenda ushahidi, hakuna data inayonivutia kama ya Uskoti. Tarehe 1 Juni 1932 watoto zaidi ya 87,000 waliozaliwa mwaka 1921, karibu wote waliokuwa shuleni nchini humo, walifanya mtihani mmoja wa akili siku moja. Karatasi zilihifadhiwa. Miongo kadhaa baadaye Ian Deary na wenzake wa Edinburgh waliwatafuta waliokuwa hai, wakapata 550, wakawapa mtihani uleule walipokuwa karibu na miaka 80. Uhusiano kati ya alama za miaka 11 na za karibu 80 ulikuwa takriban 0.66, kwa kipimo ambacho 1 ni kufuatana kikamilifu na 0 ni kutohusiana kabisa. Maana yake, sehemu kubwa ya tofauti kati ya wazee leo ilikuwapo walipokuwa watoto. Mzee mwenye alama 20 huenda hajashuka kabisa, na mwenye 28 huenda ameshuka sana kutoka alikokuwa. Alama ya siku moja inakuonyesha alipo mtu, na ugonjwa unahusu alikotoka na kasi anayoondokea.

Tafiti zilizosukwa vizuri hukabiliana na haya kwa kutumia vipimo viwili au vitatu kwa kila aina ya uwezo, kumpima mtu mara kadhaa katika siku chache ili kupata kawaida yake, kuandika sababu ya kila aliyeacha, na kumhoji ndugu wa karibu kuhusu maisha ya kila siku. Hapo Hai kwenu kuna historia ya kujivunia: kipimo kifupi cha IDEA, chenye maswali sita na alama 15, kilitengenezwa kwa kazi iliyofanyika huko, kikiwalenga wazee wasio na elimu kubwa. Humo mtu anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno 10, anapanga umbo kwa njiti za kiberiti. Haulizwi kuandika. Utafiti wa Hai uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau unaouulizia. Kwa hiyo usiuone ugonjwa huu kama jambo lisilotokea, wala kama hatima ya kila mzee.

Sasa la kufanya. Tangulizeni jicho. Upasuaji wa mtoto wa jicho ni wa kawaida na unastahili kwa ajili ya kuona kwenyewe, mbali na alama. Pimeni na masikio, maana neno ambalo mtu hakulisikia vizuri hawezi kulikumbuka. Kusanyeni dawa zake zote mezani, pamoja na za dukani: Piriton, amitriptilini, diazepamu na dawa nyingine za usingizi huzubaisha wazee na hushusha alama. Msizisimamishe wenyewe, mpelekeeni daktari au mfamasia aziangalie, hasa diazepamu, ambayo ikikatwa ghafla ina madhara.

Kisha mama mwenyewe, maana matokeo ni yake, awaombe watu wa utafiti wamweleze alipoteza alama katika sehemu zipi, alihojiwa kwa Kiswahili au Kichagga kila mara, na kama toleo la maswali lilikuwa lilelile. Hapa ndipo penye jibu lenye faida. Akiwa amepoteza kusoma, kuandika na kunakili, nitalilaumu jicho. Akiwa amepoteza yale maneno matatu ya kukumbuka baada ya dakika chache, au hakujua mwaka na mwezi, nitataka aonwe na daktari hata kama jumla ni ileile 22.

Nyumbani anzeni daftari. Andikeni tarehe na tukio, bila maoni: amerudia swali lilelile mara ngapi jioni moja, amekosea kutuma pesa kwa simu aliyokuwa akituma vizuri, ameacha sufuria likaungua, amemeza dawa mara mbili, amepotea njia anayoijua. Kosa moja moja hutokea kwa kila mtu. Mnachotafuta ni jambo aliloliweza mwaka jana ambalo sasa haliwezi bila msaada. Kipimo cha tatu kisiwe kabla ya miezi sita, na kifanyike baada ya jicho kutengenezwa, asubuhi, akiwa amekula, na miwani yake, kwa lugha anayoota nayo. Na tafadhali msimfanyishe mazoezi ya maswali yale: mtamfundisha mtihani, na hapo hatutakuwa na namna ya kujua kitu.

Mpelekeni hospitali ya wilaya, na ikibidi apewe rufaa KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyoko Moshi, kama daftari la miezi mitatu hadi sita linaonyesha mambo hayo yakijirudia, au tabia yake imebadilika, au amekuwa mnyonge, hapati usingizi, hali chakula vizuri, hana hamu ya lolote. Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu) ya uzeeni hufanana sana na usahaulifu, na inatibika. Aende na mtu anayeishi naye, daftari na dawa zote. Mtarajie daktari amuulize huyo anayeishi naye maswali mengi kuliko anavyomuuliza mama, apime presha, sukari, wingi wa damu, figo, tezi ya shingo, vitamini B12 (hasa kama anatumia metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu), VVU na kaswende. Hapo ndipo yanapopatikana mambo yanayoweza kurekebishwa.

Usisubiri daftari kama mabadiliko ni ya ghafla, ndani ya saa au siku: kuchanganyikiwa na homa, usingizi usio wa kawaida, kuona vitu visivyokuwepo, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, inaweza kuwa maambukizi au kiharusi.

Kuhusu picha ya ubongo anayoitaka kaka: kwa alama tatu, hapana. Katika umri wa miaka 74 picha inaweza kuonyesha ubongo uliosinyaa kidogo, jambo linaloonekana pia kwa wengi wasio na tatizo lolote, na mtabaki na hofu mpya na pochi tupu. Ina maana kama kuna dalili za ghafla nilizotaja, kama alianguka na kugonga kichwa, kama ameanza degedege, kama mwendo umebadilika na haja ndogo inamponyoka, au kama hali inashuka haraka ndani ya wiki. Mwambie kaka fedha hizo aziweke kwenye upasuaji wa jicho.